Kutoka CCCCCVI hadi MMXVII: Namba za Kirumi katika Pwani ya Cabo Delgado

Katika Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho mjini Lisbon, kuna monstransi ya dhahabu, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ambayo Wareno huiita Custódia de Belém. Ni kazi ya sonara Gil Vicente. Maandishi yaliyozungushwa kwenye kitako chake yanasema kwamba mfalme Manuel aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kazi ilimalizika mwaka CCCCCVI.

C ni mia. C tano ni mia tano. VI ni sita. Jumla 506, na elfu imeachwa kwa kuwa kila aliyesoma zama zile aliijua bila kuambiwa. Mwaka ni 1506.

Kilwa iko kaskazini ya Ruvuma, na Mocímboa da Praia kusini yake, katika pwani ileile ya pepo zilezile. Dhahabu iliyotoka Sofala kwenda Kilwa ilipita mbele ya visiwa vya Kirimba na maji ambayo leo ni bandari ya Mocímboa. Ukitaka kujua namba za Kirumi zilivyofika upande huu wa dunia, na kwa nini mpaka leo zimo katika sheria, sensa na mikutano mikuu ya Msumbiji wakati sokoni hazijulikani, basi anzia kwenye hizo C tano. Kwa maoni yangu, historia yake ni ya namba zilizokuja kufanya kazi ya karani, zikashindwa, kisha zikapandishwa cheo.

Kabla ya Wareno

Watu wa pwani hawakungoja Wareno wawafundishe kuandika idadi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi. Mwaka huo umeandikwa kwa maneno ya Kiarabu, si kwa tarakimu, kama ulivyokuwa utaratibu wa maandishi ya heshima.

Wenye elimu walikuwa pia na abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, ye ni 10, kafu nzito ni 100, ghaini ni 1,000. Mjuzi wa falaki au mwandika hirizi alizijumlisha herufi akapata hesabu yake. Tabia hii ya kuifanya herufi iwe namba na kuijumlisha na jirani yake ndiyo iliyokuwa ya Warumi pia. Mwanachuoni wa pwani ambaye angeonyeshwa CCCCCVI asingeshangaa sana.

Lakini kwa biashara kulikuwa na kitu bora. Tarakimu tisa za Wahindi, pamoja na sifuri, zilikuwa zimefika Baghdad katika karne ya 8, na karibu mwaka 825 al-Khwarizmi akaandika kitabu cha kuhesabu kwazo. Bahari ya Hindi ilikuwa njia ya vyombo vya Gujarati, Omani na Hadhramaut, na wafanyabiashara wa bahari hiyo walizijua tarakimu hizo wakati sehemu kubwa ya Ulaya haijazijua. Leonardo wa Pisa, aliyejifunza hesabu utotoni huko Bugia, Afrika Kaskazini, alizieleza kwa Kilatini mwaka 1202. Hata baada ya hapo zilipingwa: mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuzitumia katika daftari, na hoja iliyotolewa dhidi yake mara nyingi ni kwamba 0 ni rahisi kugeuzwa 6 au 9.

Mkongojo wa mchungaji na lango la Colosseum

Namba za Kirumi zenyewe ni za zamani kuliko Roma yenye dola. Wataalamu wengi wanaona zilitokana na chale za kuhesabia zilizokatwa kwenye kijiti au mkongojo, zikapitia kwa Waetruski. Chale moja ni I. Ya tano ilikatwa kwa namna ya pekee, ikawa V. Ya kumi ilipigwa mkato wa pili, ikawa X. Baadaye zikaja L kwa 50, C kwa 100, D kwa 500 na M kwa 1,000. D ilikuwa nusu ya alama ya kale ya elfu, kama V inavyoonekana nusu ya X.

Kuziandika kunaanza na kujumlisha. Weka kubwa kushoto, ndogo kulia: XVI ni 16, LX ni 60, MDC ni 1,600. Alama za I, X, C na M hurudiwa, lakini V, L na D hazirudiwi, maana V mbili ni X, na X ipo tayari. Ndogo ikitangulia kubwa, hupunguzwa: IV ni 4, IX ni 9, XL ni 40, XC ni 90, CD ni 400, CM ni 900. Jozi ni hizo sita tu. I hupunguza V na X peke yake, X hupunguza L na C, C hupunguza D na M. Ndiyo maana 1999 si MIM, ingawa wengi huiandika hivyo. Ni MCMXCIX, elfu, mia tisa, tisini, tisa, kila nafasi ikiandikwa kivyake. Mstari juu ya herufi huizidisha mara elfu, na bila mstari huo namba kubwa ya kawaida ni 3,999, yaani MMMCMXCIX.

Kanuni hii ya kupunguza haikuwa amri kwa Warumi wenyewe. Malango ya Colosseum yaliandikwa namba ili watu wajue pa kuingilia, na huko 4 ni IIII: lango la 54 ni LIIII. Vitabu vya shule husema chale nne ni kosa. Kwa hakika usafi huu wa kanuni ni wa wachapaji na walimu wa karne za baadaye, na Gil Vicente na C zake tano hawakuwa wamekosea kitu.

1502 hadi 1512: karani wa Kilwa

Vasco da Gama alipita Msumbiji, Mombasa na Malindi mwaka 1498. Aliporudi mwaka 1502 alikuja na mizinga ya kutosha kumlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa akubali kodi ya utii, mithkali 1,500 za dhahabu. Hiyo ndiyo iliyoyeyushwa Lisbon. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, Ibrahim akakimbia, na Muhammad Ankoni akawekwa mahali pake. Ngome iliyojengwa na Wareno ikaitwa Santiago.

Palipo na ngome ya mfalme pana feitor, wakala wa biashara ya taji, na feitor ana makarani. Daftari zao za Kilwa na Sofala zilihesabu shanga, vitambaa, mtama, dhahabu na mishahara ya askari, na ziliandikwa kwa namba za Kirumi. Si zile za kuchongwa kwenye jiwe, bali za kalamu ya haraka, na anayezisoma leo kwa mara ya kwanza hupotea. Wareno wa wakati huo waliandika b mahali pa v. Kumi na sita ikawa xbj. Hiyo j ya mwisho ni i iliyovutwa mkia, ili asitokee mjanja akaongeza kijiti kingine akaligeuza tatu kuwa nne. Mia tano iliandikwa b yenye c ndogo juu yake, yaani tano za mia. Kwa arobaini walikuwa na X yenye kijimkia kwenye mkono wake. Kwa hiyo mithkali 1,500 za Ibrahim, ambazo mchonga mawe angeziandika MD, kwenye daftari zingekuwa neno la elfu na ile b yenye c kichwani.

Alama hizo hazikuwa za kupigia hesabu. Karani wa Ulaya wa zama hizo alipanga vijisarafu kwenye ubao wenye mistari ya moja, kumi na mia, akavisogeza, kisha akaandika jibu kwa herufi. Jaribu kuzidisha XXIII mara XLVII kwa wino peke yake uone. Kwa tarakimu za Kihindi ni mistari miwili ya kazi, 161 na 920, na jibu ni 1,081. Kwa Kirumi jibu laweza kuandikwa, MLXXXI, ila njia ya kulifikia haipo kwenye karatasi.

Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 16 hali ilikuwa ya ajabu kidogo. Mshindi wa vita alikuwa na namna duni ya kuandika hesabu kuliko wafanyabiashara aliokuja kuwatoza. Mizinga haikujali. Lakini ngome ya Kilwa iliachwa mwaka 1512, kwa kuwa dhahabu ilihepa njia nyingine na wafanyabiashara wakahamia kwingine.

1519 na karne mbili zilizofuata

Mwaka 1519 Gaspar Nicolas alichapisha Lisbon kitabu cha hesabu, cha kwanza kuchapishwa Ureno. Kilifundisha tarakimu za Kihindi, na mifano yake ilikuwa ya biashara, pilipili ikiwamo. Sababu ni dhahiri: taji lililokuwa likinunua viungo Cochin, likiuza Antwerp na kulipa mabaharia Lisbon halingeweza kuendelea na vijisarafu vya ubaoni. Bahari ya Hindi iliwalazimisha Wareno kuhesabu kwa namna ya Bahari ya Hindi. Katika karne hiyo b na j zilififia daftarini pole pole, zikabaki katika tarehe na vyeo.

Huku pwani ya Kirimba, ambako watu walifuma vitambaa vya nili vilivyosifika mpaka Wareno wakaviita visiwa vyenyewe Maluane, biashara haikupita kwa karani wa mfalme. Mwaka 1686 wafanyabiashara wa Kibaniani wa Diu walipewa upendeleo wa kibiashara katika Kisiwa cha Msumbiji, na karne iliyofuata mitaji ya Kihindi ilifika hadi Ibo, kimoja cha visiwa vya Kirimba. Daftari zao zilikuwa za Kigujarati, kwa tarakimu za Kigujarati. Masheikh wa pwani waliandikiana, na kuwaandikia Wareno, barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu; nyingi za karne ya 19 zimehifadhiwa Maputo katika Arquivo Histórico de Moçambique. Mtu wa Ibo aliyekuwa na deni aliweza kulikuta limeandikwa kwa namna mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Kirumi.

Zilipobaki namba za Kirumi ni kwenye sarafu. Sarafu ndogo za shaba za Ureno katika karne ya 18 zilibeba thamani yake katikati ya shada la majani: III, V, X, yaani reis tatu, tano, kumi. Pesa ya maskini ndiyo iliyovaa vazi la kifalme.

MDCCCXCI: Kampuni ya Niassa

Mwaka 1891 Ureno, iliyokosa fedha na watu wa kutawala kaskazini, iliikabidhi nchi yote kati ya Ruvuma na Lúrio, kutoka pwani hadi ziwa, kwa Companhia do Niassa. Andika mwaka huo kwa utaratibu: M elfu, DCCC mia nane, XC tisini, I moja. MDCCCXCI. Si miongoni mwa miaka mirefu ya karne ile: 1888 unaushinda mbali, MDCCCLXXXVIII, herufi kumi na tatu kwa tarakimu nne.

Kampuni ilitoza kodi ya nyumba, ilikusanya watu wa kazi, na ilitoa stempu za posta. Toleo la mwaka 1901 lilikuwa na twiga na ngamia, na pembeni picha ya mfalme Carlos. Sarafu za mfalme huyo zilimwita CARLOS I, ingawa hakuna Carlos mwingine aliyewahi kutawala Ureno, wala hakuna aliyekuja. Carlos aliuawa Februari 1908, akarithiwa na mwanawe Manuel II. Hapo ndipo yule Manuel wa dhahabu ya Kilwa alipata maana ya kuitwa wa kwanza. Oktoba 1910 ufalme ulianguka. Stempu za kampuni zenye sura ya Manuel II zilikuwa zimekwisha tayarishwa, basi zikatolewa mwaka 1911 zikiwa zimepigwa chapa nyekundu juu: REPUBLICA. Barua ya Mocímboa ya mwaka huo iliweza kubeba mfalme aliyepinduliwa, twiga na jamhuri, vyote kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kidole gumba.

Bandarini kulikuwa na namba za Kirumi za aina nyingine, na hizi zilikuwa na kazi. Sheria ya Uingereza ya vyombo vya baharini ya mwaka 1894 ilitaka kila meli iandikwe omo na tezi ni futi ngapi imezama, kwa herufi kubwa za Kirumi au kwa tarakimu zisizopungua inchi 6. Meli nyingi zilichagua herufi. Ukingo wa chini wa herufi ndio uliokuwa kipimo: maji yakigusa chini ya XIV, meli imezama futi 14, yakifunika XIV yote mpaka ncha yake ya juu, ni futi 14 na nusu, kwa kuwa herufi ina inchi 6 na futi ina 12. Nahodha aliyekuwa akipakua kwa mashua, maji yakianza kupwa, hakuhitaji kujua Kilatini. Alihitaji kujua kwamba XIII iliyokuwa imezama sasa inaonekana, na kwamba mzigo umepungua.

Ninapenda mfano huu kuliko wa saa na minara, kwa sababu unaonyesha ubora ambao namba hizi zilikuwa nao kweli. I, V, X na L ni mistari iliyonyooka. Zachongwa kwa patasi kwenye mbao au chuma bila kupinda, na hata zikiota kutu zasomeka. Seremala wa kale aliyetia alama kwenye boriti ili ajue ipi inaingia wapi alizitumia kwa sababu hiyohiyo.

Kampuni ilinyimwa nyongeza ya mkataba, na Oktoba 1929 utawala ukarudi serikalini. MCMXXIX.

1936: senti yenye tundu

Wamakonde na watu wengine wa kaskazini ya Msumbiji walivuka Ruvuma kwa maelfu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Walilipwa kwa shilingi na senti za Afrika Mashariki, na hapo wakakutana na namba za Kirumi za Waingereza.

Ichukue senti 10 ya mwaka 1936. Ni ya shaba, ina tundu katikati, na kwenye baadhi yake jina ni EDWARDVS VIII. Mfalme huyo alirithi kiti Januari na akakiacha Desemba mwaka uleule, hata kuvishwa taji hakuvishwa. Sarafu zenye sura yake hazikuwahi kusambazwa Uingereza. Lakini senti za Afrika Mashariki, kwa sababu ya tundu, hazikuhitaji sura. Jina lilitosha, basi zikapigwa na kutumika. Kibarua wa Lindi au Mikindani alishika mkononi fedha halali ya mfalme ambaye raia wake wa London hawakuwa nayo.

Na namba zake zilikuwa za kutatanisha. Sarafu za kabla ya hapo zilisema GEORGIVS V. Kisha ikaja VIII. Kisha GEORGIVS VI. Watano, wa nane, wa sita, katika muda usiotimia miaka miwili. Aliyedhani wafalme huhesabiwa kwa foleni moja angeona Waingereza hawajui kuhesabu. Kumbe kila jina lina foleni yake: George wa tano na wa sita ni wa foleni moja, Edward wa nane ni wa foleni nyingine. VIII yenyewe ni V na tatu baada yake, kamwe si IIX, kwa sababu wa kupunguza huwa mmoja tu. Sarafu za Elizabeth zilipokuja ziliandika THE SECOND kwa maneno, na herufi za Kirumi zikatoweka mifukoni.

Zilibaki ukutani. Saa nyingi zenye namba za Kirumi huandika 4 kwa IIII, desturi ya mafundi saa iliyodumu kuliko kanuni ya vitabuni. Saa ya Big Ben ni miongoni mwa zinazoandika IV. Mswahili anayeitazama ana hesabu ya pili ya kufanya, maana mshale ukiwa kwenye VII yeye husema saa moja.

Zilibaki shuleni pia, na Tanzania ikazipa kazi ambayo kila mzazi anaijua. Mwalimu wa shule ya msingi ni wa Daraja la IIIA. Mtihani wa kidato cha nne hupangwa Divisheni I hadi IV, na aliyeshindwa hupewa 0. Warumi hawakuwa na alama ya sifuri. Baraza la mitihani lilipofika mahali pa kumwandika mwanafunzi aliyeshindwa, lilibidi liazime tarakimu kwa Wahindi.

1940 hadi 1975: mipango na mikutano

Upande wa Ureno, mlango wa namba hizi ulikuwa shule ya misheni. Mkataba wa 1940 kati ya Ureno na Vatikani, na sheria ya misheni ya 1941, viliwaachia Wakatoliki elimu ya Waafrika. Kwenye nyanda za juu za Wamakonde misheni zilipata wanafunzi. Pwani, ambako watu ni Waislamu, wazazi wengi waliona shule hiyo ni mtego wa ubatizo, wakawapeleka watoto chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Mtoto wa Mocímboa aliyepita chuoni alijua tarakimu za Kiarabu zilizoandikwa msahafuni. Namba za wafalme, mapapa na karne, ambazo Kireno huandika kwa Kirumi daima, zilimpita. Tofauti hiyo ndogo ilitembea pamoja na tofauti kubwa: nani angeweza kusoma tangazo la serikali, nani angeajiriwa ofisini.

Serikali ilizipenda. Mipango ya maendeleo ya Salazar, mtawala wa Ureno, ilikuwa I Plano de Fomento kuanzia 1953, II kuanzia 1959, na III kuanzia 1968. Herufi kubwa mbele ya jina iliupa mpango sura ya jambo la kudumu.

Waliompinga walizichukua hivyo hivyo. Frelimo, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na Septemba mwaka huo ikafanya I Congresso mjini humo, Eduardo Mondlane akiwa kiongozi. Kuuita mkutano wa kwanza namba I ni kuahidi wa pili. Vita vilianza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, na II Congresso ulifanyika Julai 1968 Matchedje, Niassa, ndani ya nchi, vita vikiendelea. Wa tatu ulifanyika Maputo Februari 1977, nchi ikiwa imepata uhuru MCMLXXV: M, CM mia tisa, LXX sabini, V.

Hapa ndipo ninapoona mgeuko wa mwisho wa historia hii. Uhuru ulibadilisha majina ya miji, ukavunja sanamu, ukataifisha shule za misheni. Mwaka 1980 escudo iliondolewa ikaja metikali. Namba za Kirumi hazikuguswa, na hakuna aliyedai ziondoke. Zilikuwa zimeacha kuwa za Papa au za mfalme. Zilikuwa namna ya dola kusema kwamba jambo hili lina mfululizo, na sisi ndio wenye mfululizo.

Kutoka I hadi XII

Sheria ya Msumbiji hutangazwa katika Boletim da República, mrithi wa Boletim iliyoanza kuchapishwa mwaka 1854, na sheria zenyewe hukaa I Série. Kampuni inayosajiliwa hutafuta jina lake III Série. Katiba imegawanywa kwa Título na Capítulo za Kirumi, lakini ibara zake, zinazotajwa mahakamani kila siku, ni za tarakimu za kawaida. Palipo na kazi nyingi huwekwa 1, 2, 3.

Mikutano ya chama iliendelea. Wa IX ulikuwa Quelimane mwaka 2006. Wa X uliletwa Cabo Delgado, mjini Pemba, Septemba 2012, miaka hamsini baada ya ule wa Dar es Salaam na miaka miwili baada ya gesi kubwa kugunduliwa katika bonde la Ruvuma. Bandari ya Mocímboa da Praia, iliyokuwa ikisafirisha mbao, sasa ilitazamwa kama mlango wa mitambo ya gesi ya kwenda Palma. X ilining'inizwa kwenye mabango. Asiyefundishwa aliweza kuiona ni herufi tu, au alama ya kosa ambayo mwalimu hupiga kwenye daftari.

Wa XI ulifanyika Matola mwishoni mwa Septemba 2017. Siku chache baadaye, alfajiri ya tarehe 5 Oktoba, watu wenye silaha walishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Vita vilivyofuata viliufikia mji tena Machi 2020. Agosti 2020 bandari iliangukia mikononi mwa wapiganaji, na mji ukakaa mikononi mwao hadi tarehe 8 Agosti 2021, askari wa Rwanda na wa Msumbiji walipouteka. Ofisi za serikali zilikuwa zimechomwa, gati limeharibiwa, watu wametawanyika Pemba, Mueda, Nampula na ng'ambo ya Ruvuma. Chama kilifanya mkutano wake wa XII Septemba 2022, Matola tena.

Kuna mfululizo mwingine, wa sensa. I Recenseamento ya nchi huru ilikuwa 1980, II ilikuwa 1997, III ilikuwa 2007. IV ilifanyika Agosti MMXVII, miezi miwili kabla ya shambulio la kwanza, na ndiyo iliyomkuta kila mtu wa Mocímboa nyumbani kwake. Tangu ile ya 1997 sensa ya Msumbiji huja kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo inayofuata zamu yake ni 2027 na namba yake ni V. Namba hiyo itakaa kwenye jalada. Makarani watakaopita nyumba kwa nyumba wataandika waliorudi kwa 1, 2, 3.